Maswali ya Wasomaji: Voliumu Zinazokwaruza kwenye Amplifaya ya Gitaa

Barua nne za toleo hili zimetoka miji minne tofauti, lakini zote zinahusu kifaa kimoja: ile potenshometa ndogo, yaani rezista inayobadilika ukizungusha shafti, iliyo nyuma ya kila nobu ya amplifaya, ambayo mafundi wetu huiita voliumu hata pale inapofanya kazi ya kupunguza besi. Nimefuata desturi hiyo ya mafundi katika majibu yangu. Panapoonekana herufi kubwa, kama VOLUME au TREBLE, ninataja maandishi yaliyo kwenye uso wa amplifaya yenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga gitaa wa kwaya hapa Morogoro. Amplifaya yetu ni ya transista, nayo ina GAIN, VOLUME, na nobu tatu za kurekebisha sauti. Kwa muda mrefu VOLUME ilikuwa ikikwaruza kila inapozungushwa, na mahali fulani katikati sauti ilikuwa ikikatika kabisa. Fundi redio aliibadilisha. Mkwaruzo umekwisha, lakini sasa nikiizungusha kidogo tu kutoka sifuri sauti inalipuka, na kuanzia hapo hadi mwisho naona kama hakuna kinachoongezeka. Isitoshe, mara nyingine katikati ya wimbo sauti hushuka yenyewe bila mtu kugusa kitu, kisha hurudi. Fundi anasema zote tano zimekufa na zibadilishwe. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, tununue zipi?

JIBU: Ndugu yangu, msikubali zibadilishwe zote tano. Barua yako ina matatizo mawili yasiyohusiana, na hakuna hata moja linaloonyesha kwamba zile nne zilizobaki zimekufa.

Nianze na sauti inayolipuka. Voliumu mbili zinaweza kuwa na ukinzani uleule, tuseme kiloomu 100, na bado zikatofautiana kabisa katika namna ukinzani huo unavyogawanyika kadiri unavyozungusha shafti. Aina ya kwanza hugawanya sawasawa: ukiwa katikati ya mzunguko, nusu ya ukinzani iko upande mmoja na nusu upande wa pili. Aina ya pili, inayoitwa ya logi, huenda polepole mwanzoni na kuharakisha mwishoni, kiasi kwamba ukiwa katikati ya mzunguko umepata asilimia 10 hadi 15 tu. Hii ya pili ndiyo inayowekwa kwenye VOLUME, kwa sababu sikio la binadamu halihesabu ukubwa wa sauti kwa mstari ulionyooka. Ongezeko dogo linasikika sana sauti ikiwa chini, na ongezeko hilohilo halisikiki kabisa sauti ikiwa juu. Ukiweka aina ya kwanza mahali pa aina ya pili, kiwango ulichokuwa ukikipata nobu ikiwa katikati utakipata ukiwa umezungusha sehemu moja ya kumi tu, na safari yote inayobaki itakuwa haina faida kwa mpigaji. Hicho ndicho kilichokupata. Fundi wako alisoma thamani na hakusoma herufi iliyo kando yake.

Herufi hiyo imepigwa mhuri kwenye mwili wa voliumu, mbele au nyuma ya tarakimu. Kwenye voliumu nyingi za kisasa zinazotoka Asia na Marekani, A ni ya logi na B ni ile inayogawanya sawasawa, hivyo A100K na B100K ni vifaa viwili tofauti ingawa mita itakusomea kiloomu 100 kwa vyote viwili. Kwenye vifaa vya zamani vya Ulaya utakuta herufi hizo zimegeuzwa, na kwa sababu hiyo mimi huwashauri mafundi wapime badala ya kuamini mhuri. Shika voliumu ikiwa nje ya bodi, shafti ikikuelekea wewe na miguu mitatu ikitazama chini. Pima kwanza kati ya mguu wa kushoto na wa kulia: hapo unapata thamani nzima, ambayo inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20 bila kuhesabiwa kuwa ni kasoro. Kisha weka shafti katikati kabisa ya mzunguko na upime kati ya mguu wa kushoto na wa kati. Ukipata karibu nusu, ni ya sawasawa. Ukipata kipande kidogo tu, ni ya logi. Usifanye vipimo hivi voliumu ikiwa bado imechomelewa kwenye bodi, kwa sababu mita itapima pia rezista zilizo jirani na kukupa namba isiyokuwa ya voliumu.

Sasa sauti inayoshuka yenyewe. Voliumu iliyochakaa huonyesha ugonjwa wake inapozungushwa. Sauti ikishuka wakati hakuna mtu aliyegusa nobu, ninaanza kutafuta mahali pengine, na mahali pa kwanza ni nyuma ya amplifaya, kwenye yale matundu mawili ya pedali yaliyoandikwa SEND na RETURN, kama yenu inayo. Ndani ya tundu la RETURN kuna ulimi mdogo wa chuma unaounganisha sauti moja kwa moja pale ambapo hakuna jeki iliyochomekwa. Matundu haya hukaa miaka bila kutumiwa, ulimi unashika kutu na vumbi, na sauti yote ya amplifaya inalazimika kupita kwenye mguso huo mchafu. Chukua waya mfupi wa gitaa, uchomeke upande mmoja SEND na mwingine RETURN, kisha pigeni ibada nzima hivyo. Sauti ikitulia, umepata mgonjwa wako, na dawa yake ni kusafisha tundu. Ikiendelea kushuka, gongagonga bodi taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao kutafuta kiungo cha risasi kilichopasuka, hasa kwenye miguu ya voliumu na ya matundu ya jeki, kwa maana hivyo ndivyo vitu vinavyosukumwa na mkono wa mtu kila siku. Kazi hii ya kugonga inafanyika amplifaya ikiwa imewashwa na kufunguliwa, na ndani yake umeme wa ukutani wa volti 230 unaingia kwenye swichi na transfoma, basi mwachie fundi.

Zile nne zilizobaki zipimwe kwa sikio kwanza. Zungusha kila moja kutoka mwanzo hadi mwisho huku gitaa likilia. Mkwaruzo wa hapa na pale ni uchafu, na uchafu unasafishwa kwa dawa ya kopo ya viungo vya umeme, inayopulizwa kupitia ule uwazi mdogo ulio juu ya miguu, amplifaya ikiwa imechomolewa ukutani. Baada ya kupuliza, zungusha shafti huku na huku mara nyingi, halafu uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Ikiwa baada ya kusafisha bado kuna mahali palepale ambapo sauti inakatika, njia ya kaboni imeliwa, na hapo hakuna dawa. Hiyo ndiyo ya kubadilishwa.

Mwombe fundi akurudishie ile ya zamani, kwa sababu itakufundisha mengi. Nyuma yake kuna kifuniko cha bati kilichoshikwa na masikio manne madogo yaliyokunjwa. Yanyanyue kwa bisibisi nyembamba na kifuniko kitatoka. Ndani utaona kipande cha rangi ya kahawia chenye utepe mweusi uliopinda kama kiatu cha farasi, na juu yake kiguso cha chuma chenye vidole vyembamba vinavyoburura kwenye utepe huo kila unapozungusha. Itazame mahali ambapo nobu yenu hukaa wakati wa ibada, labda kati ya tatu na tano. Kama utepe hapo umepauka na una mfereji, na kando yake kuna unga mweusi uliosukumwa, fundi alikuwa na haki ya kuitoa. Kama utepe bado ni mweusi na laini kila mahali, ilihitaji kusafishwa tu. Fundi anayekuonyesha jambo hili kwa macho yako, badala ya kukuambia "imekufa" na kuitupa, ndiye wa kurudi kwake.

Kuhusu kununua: nendeni na ile ya zamani mkononi, iwe Kariakoo au kwa muuza vipuri yeyote wa hapo mjini. Mbali na thamani na herufi, mwili wake lazima ufanane. Pimeni kipenyo cha shafti, kwa maana za milimita 6 na zile za Kimarekani za robo inchi, yaani milimita 6.35, zinakaribiana kiasi cha kudanganya jicho, lakini nobu ya moja haikai vizuri kwenye nyingine. Angalieni kama ncha ya shafti ina meno, ni ya mviringo mtupu, au imekatwa upande mmoja. Angalieni kipenyo cha mwili, ambacho kwa kawaida ni milimita 9, 16 au 24, na muhimu kuliko yote kwa amplifaya ya bodi kama yenu, nafasi kati ya miguu na kama miguu imenyooka au imekunjwa pembe mraba. Nimeona voliumu zenye thamani sahihi zikiunganishwa kwa vipande vya waya zikining'inia hewani kwa sababu miguu haikuingia kwenye matundu ya bodi. Kazi ya namna hiyo hufika hadi Jumapili ya pili ikakatika. Kadhalika, zile zinazotolewa kwenye redio kubwa za zamani mara nyingi zina mguu wa nne au zimebebana mbili kwenye shafti moja, nazo zilitengenezwa kwa kazi nyingine.

Kutoa ya zamani kwenye bodi ndiyo hatua inayoharibu amplifaya nyingi, kwa sababu vile viduara vya shaba vilivyo chini ya miguu hubanduka fundi akivuta kabla risasi haijayeyuka. Kwa kuwa voliumu mnayoitoa haitatumika tena, njia salama ni kuikata miguu yake yote mitatu kwa koleo kali, mwili utoke peke yake, kisha kila kipande cha mguu kiyeyushwe na kutolewa kimoja kimoja kwa kibano. Kabla ya kuyeyusha, ongeza risasi mpya kidogo juu ya ile ya zamani. Risasi nyingi za kiwandani za siku hizi hazina madini ya risasi ndani yake na huyeyuka karibu na nyuzi 220 za selsiasi, wakati ile ya kawaida ya 60/40, yaani bati asilimia 60 na madini ya risasi 40, inayeyuka karibu na 190. Zikichanganyika, kiungo kinalegea mapema na bodi haiungui. Unapoweka mpya, ingiza miguu kwenye bodi bila kuichomelea, funga nati kwenye uso wa amplifaya hadi ikaze, na hapo ndipo uchomelee. Ukitangulia kuchomelea halafu ukakaza nati, miguu itabaki ikivutwa siku zote na viungo vitapasuka.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Nakuandikia kutoka Mombasa. Nina amplifaya ya valvu, ya wati 50, ambayo VOLUME na PRESENCE zilikuwa zakwaruza mno. Nimetia mpya zote mbili, thamani na herufi zile zile, na bado zakwaruza, PRESENCE zaidi. Je, nimeuziwa bidhaa bandia?

JIBU: Wa aleikum salaam. Sidhani kama umeuziwa bandia. Voliumu mpya inapokwaruza kwenye amplifaya ya valvu, yaani ile yenye taa za kioo badala ya transista, mara nyingi inakuambia kwamba kuna umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu, unaopita mahali ambapo sauti peke yake ndiyo iliyotakiwa kupita.

Kwenye anodi, yaani mguu wa kutolea sauti, ya valvu ndogo ya mwanzo huwa kuna volti 150 hadi 250 za DC, na sauti ya gitaa imepanda juu ya umeme huo. Kati ya anodi na VOLUME huwekwa kapasita, mara nyingi ya nanofaradi 22, ambayo kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia DC. Kapasita hiyo ikizeeka na kuanza kuvuja hata kidogo, DC inafika kwenye njia ya kaboni, na kila kiguso kinaposogea spika inapokea mshtuko mdogo ambao wewe unausikia kama mkwaruzo. Unaweza kubadilisha voliumu kila mwezi na mkwaruzo ukabaki palepale. Fundi mwenye mita apime DC kati ya miguu miwili ya nje ya voliumu amplifaya ikiwa imewashwa. Panatakiwa pawe karibu na sifuri kabisa, na akiona volti moja au zaidi, aing'oe ile kapasita na kuweka nyingine yenye uwezo wa volti 400 au 630. Kabla ya kung'oa chochote, jaribu kwanza kubadilishana valvu ndogo inayofuata baada ya VOLUME na nyingine ya aina ileile, kwa kuwa valvu yenye kasoro nayo hurudisha DC kwenye voliumu kupitia gridi yake, yaani mguu wake wa kupokea sauti, na jaribio hilo halikugharimu hata senti.

PRESENCE, ile nobu ya kung'arisha sauti za juu, ni habari nyingine, na hapa naomba usimlaumu mtu. Katika mchoro wa Fender Bassman wa mwishoni mwa miaka ya 1950, ule uitwao 5F6-A, voliumu ya PRESENCE ya kiloomu 5 iko ndani ya njia yenyewe ya DC inayoshuka kutoka valvu ya kugawanya awamu, ile inayozilisha valvu kubwa za mwisho, hadi ethi, yaani upande wa sifuri uliounganishwa na chuma cha amplifaya. Jim Marshall na mafundi wake wa London walipotengeneza JTM45 mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliufuata mchoro huo, na amplifaya nyingi zilizokuja baadaye zikaufuata wa Marshall. Kwa mchoro huo PRESENCE hukwaruza ikizungushwa hata ikiwa mpya kabisa, na haina maana yoyote mbaya mradi inanyamaza ukiiacha. Michoro ya baadaye iliweka rezista ya kudumu ya kiloomu 4.7 kubeba DC, na voliumu ya kiloomu 22 au 25 ikakaa kando na kapasita inayoikinga, ndiyo maana Marshall za baadaye hazina kelele hiyo. Angalia mchoro wa amplifaya yako uone ni ya kundi gani.

Ndugu yangu, hujaniambia kama ulizibadilisha voliumu hizo kwa mkono wako mwenyewe, kwa hiyo nitasema jambo hili bila kujali ni nani aliyefanya. Ndani ya amplifaya ya valvu ya wati 50 kuna kapasita za kuchuja umeme zinazobeba volti 400 hadi 500, na zinaweza kubaki na chaji hiyo muda mrefu baada ya waya kuchomolewa ukutani. Chaji hiyo inaua. Asiyejua kuitoa asifungue. Anayejua huchomoa waya wa umeme, akasubiri, akaitoa chaji kupitia rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye gamba zuri, mkono mmoja ukiwa mbali na chuma chochote, kisha akapima kwa mita kila kapasita hadi aone volti zimeshuka chini ya 10. Asitumie bisibisi kuzigusisha, kwa sababu cheche ile huharibu kapasita na inaweza kumrukia machoni. Na wakati wa kupima amplifaya ikiwa imewashwa, spika isiondolewe hata kwa dakika moja, maana amplifaya ya valvu isiyo na spika inaweza kuunguza transfoma yake ya kutolea sauti, ambayo bei yake ni ya kuumiza.

SWALI: Mhariri mpendwa, marehemu baba yetu alituachia Fender Deluxe Reverb ya zamani, nasi tuko nayo hapa Muscat. Baadhi ya nobu zinakwaruza na ya SPEED haifanyi kitu. Fundi alipofungua alituonyesha namba 1376612 nyuma ya voliumu moja na 3046547 nyuma ya nyingine. Zina maana gani? Na tukizibadilisha, je, tutaipotezea amplifaya thamani yake?

JIBU: Poleni kwa msiba, na hongereni kwa kukitunza chombo cha mzee. Namba hizo ni za thamani kwenu. Tarakimu tatu za kwanza zinamtaja mtengenezaji: 137 ni CTS, kampuni ya Marekani iliyoanzia Chicago mwaka 1896 ikitengeneza vifaa vya simu, na 304 ni Stackpole. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki ya mwaka huo. Kwa hiyo voliumu ya kwanza ilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 1966 na ya pili wiki ya 47 ya mwaka 1965. Ikiwa zote ni za asili, amplifaya ya baba yenu haikuunganishwa kabla ya Machi 1966. Inaweza kuwa iliunganishwa baadaye kidogo, kwa sababu viwanda vilinunua voliumu kwa wingi na kuzitumia kadiri zilivyokuwa zikihitajika.

Ndiyo, wakusanyaji huziangalia namba hizo, na amplifaya yenye voliumu zake za mwanzo huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Lakini chombo cha muziki kimetengenezwa kipigwe, na sioni busara ya kuacha amplifaya ya mzee ikiwa bubu ili namba za nyuma zisalimike. Fundi azisafishe zote kwanza kwa uvumilivu. Voliumu za enzi hizo zilitengenezwa kwa utepe mnene na nyingi hufufuka baada ya kusafishwa mara mbili au tatu kwa siku tofauti. Itakayokataa ibadilishwe, na ile iliyotolewa itiwe kwenye bahasha, iandikwe imetoka nobu ipi, na ifungwe ndani ya sanduku la amplifaya isije ikapotea.

SPEED, inayoongoza kasi ya mtetemo wa sauti, ndiyo ya kushughulikiwa kwa uangalifu kupita zote. Kwenye mchoro wa Fender wa miaka hiyo VOLUME ni ya megaomu 1, TREBLE na BASS ni za kiloomu 250, zote tatu za logi, nazo zinapatikana hadi leo. SPEED ni ya megaomu 3 na logi yake imegeuzwa, yaani huenda haraka mwanzoni na polepole mwishoni. Hiyo haimo kwenye duka la kawaida la vipuri na italazimu kuagizwa kwa wauzaji wa vipuri vya amplifaya za zamani. Kabla ya kuihukumu, fundi ahakikishe kwamba mtetemo wenyewe unafanya kazi, kwa sababu katika amplifaya hiyo mtetemo huendeshwa na taa ndogo iliyofungwa pamoja na kifaa kinachohisi mwanga, na taa hiyo ikifa SPEED itaonekana imekufa ilhali ni nzima. Pia mtetemo hauwaki bila swichi ya mguu, au bila tundu la swichi hiyo kuunganishwa na ethi. Watu wengi hulisahau hilo.

Fundi aelewe vilevile kwamba nyuma ya uso wa Fender za wakati huo kuna bamba la shaba nyeupe ambalo ndilo ethi ya sehemu ya mbele, na baadhi ya miguu ya voliumu imechomelewa humo. Bamba hilo hunyonya moto, kwa hiyo chuma dhaifu cha kuchomelea hakitayeyusha kitu, na fundi akikikandamiza kwa muda mrefu ataunguza waya za nguo zilizo jirani. Atumie chuma chenye wati za kutosha na ncha pana, aguse mara moja na kutoa. Jambo la mwisho ni maandishi ya nyuma yanayotaja volti: kama ni 117, amplifaya yenu inahitaji transfoma ya kushusha umeme wa 240 wa huko Oman, na lazima muwe na uhakika wa hilo kabla ya kuiwasha tena.

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Kigoma na hapa mjini nimepata B100K tu, wakati amplifaya yangu ya transista inataka A100K kwenye VOLUME. Je, kuna namna ya kuitumia? Na je, ninaweza kusafisha hizo nyingine kwa mafuta ya taa, maana dawa ya kopo haipatikani?

JIBU: Marahaba. Mafuta ya taa usitumie. Huacha utando wa mafuta unaokamata vumbi, na baada ya wiki chache mkwaruzo utarudi ukiwa mbaya zaidi. Petroli nayo inaweza kulainisha plastiki, na mvuke wake ni hatari karibu na chuma cha moto. Tafuta kwenye duka la dawa au la vifaa vya maabara pombe ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, uidondoshe kwa sindano kupitia uwazi wa juu ya miguu, uzungushe, uache ikauke usiku mzima. Haina kilainishi, hivyo shafti itahisi nzito kidogo, lakini haiharibu kaboni.

Kuhusu B100K, namna ipo. Chomelea rezista ya kiloomu 15 kati ya mguu wa kati na ule wa ethi. Hesabu yake ni hii: ukiwa katikati ya mzunguko, kiloomu 50 za upande wa chini zikiwa sambamba na kiloomu 15 zinakuwa kama kiloomu 11.5, na juu yake kuna kiloomu 50 nyingine, hivyo unapata asilimia 19 ya sauti badala ya 50. Si logi kamili, lakini mkono hautaona tofauti kubwa. Ukitumia kiloomu 10 utashuka hadi asilimia 14. Gharama yake ni kwamba nobu ikiwa mwisho, hatua iliyo kabla ya voliumu itakuwa inabeba mzigo wa kiloomu 13 au 9 badala ya 100. Amplifaya nyingi za transista zina aisii (IC, kile kidude cheusi chenye miguu mingi) kabla ya VOLUME, na aisii hubeba mzigo huo bila shida. Itazame bodi: kama njia inayokuja kwenye voliumu inatoka kwenye aisii kupitia kapasita ya mikrofaradi 1 au zaidi, endelea. Kama kapasita hiyo ni ndogo sana, besi itapungua unapoongeza sauti, na utalazimika kuiongeza nayo. Kwenye amplifaya ya valvu usijaribu njia hii kabisa, kwa sababu hatua ya valvu haiwezi kubeba mzigo wa namna hiyo. Huko subiri uletewe A ya thamani inayotakiwa kutoka Dar es Salaam au Mwanza.